Uji Huu Una Nzi: Mazungumzo na Wazazi wa Mwanza Kuhusu Jeni Zetu

Haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wazazi, vijana wa sekondari na wavuvi kadhaa waliokusanyika ukumbini Kirumba. Waliokosa kufika wameomba niyaweke yote hapa. Picha za projekta nimeziacha. Siku yenyewe umeme ulikatika dakika ya tano, kwa hiyo hata waliokuwepo hawakuziona.

*

Mwangaluka!

Hamjaitikia vizuri. Mwangaluka!

Haya, hapo sawa. Wazee wangu, akina mama, akina baba, na ninyi wanangu wa sekondari mliokaa nyuma mkidhani sitawaona: ahsanteni kwa kuja. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na mbili katika mkoa huu. Nimestaafu, lakini mwalimu akistaafu hanyamazi, anabadilisha darasa tu.

Nianze na kuku. Nani hapa anafuga kuku wa kishingo? Nyosha mkono, mayu, usione aibu. Yule kuku mwenye shingo tupu, nyekundu, utadhani alianza kunyonyolewa akakimbia kabla kazi haijaisha. Bibi yangu alituambia kishingo ni kuku aliyetoroka sufuriani, na sisi tuliamini. Sasa leo ukirudi nyumbani mwangalie vizuri. Wapo kishingo wenye shingo tupu kabisa, na wapo wenye kishungi kidogo cha manyoya mbele ya shingo, kama tai ya mwalimu mkuu. Mwenye tai amepata jeni ya shingo tupu kutoka kwa mzazi mmoja. Asiye na tai amepata kwa wote wawili. Kuku anatembea uani majibu yake ya maabara yakiwa yamening'inia shingoni!

Kulitokea nini? Zamani sana, kwa kuku mmoja ambaye hatumjui, kipande cha kromosomu, ule uzi unaobeba jeni, kilinakiliwa kikachomekwa mahali pasipo pake, jirani na jeni inayohusika na wapi manyoya yaote. Basi. Hakurogwa. Mama yake hakula kitu kibaya. Vifaranga wakarithi, na kwa kuwa mwenye manyoya machache hupumua vizuri kwenye joto, wafugaji wa nchi za joto wakawapenda. Ndiyo maana yuko kwako, mayu.

Hilo ndilo badiliko la jeni, ambalo vitabu vya shule vinaliita mutesheni. Nitalieleza mara moja tu, kwa sentensi moja ya Kiswahili, kisha tuendelee na maisha.

Ndani ya karibu kila seli yako mna maandishi, na jeni moja ni kama aya moja ya maandishi hayo. Herufi zake ni nne tu: A, T, G na C. Kwa binadamu ni kama herufi bilioni 3, na umepewa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Seli inayasoma maandishi hayo herufi tatu tatu. Kwa hiyo na mimi nimetafuta sentensi yenye maneno ya herufi tatu tatu: UJI HUU UNA NZI.

Mnacheka, lakini mmeelewa. Sasa nibadilishe herufi moja. Nitoe J, niweke Z: UZI HUU UNA NZI. Bado ni Kiswahili, ila hatuzungumzii tena kifungua kinywa, tumefika kwa fundi cherehani. Herufi moja! Sasa badala ya kubadilisha, nifute J kabisa, na msomaji aendelee kusoma tatu tatu kama alivyozoea: UIH UUU NAN ZI. Jaribuni kusoma. UIH UUU! Hiyo siyo lugha, huyo ni mtu aliyekanyaga mwiba. Kuna makosa yanayogeuza maana na kuna yanayovuruga sentensi yote kuanzia pale yalipotokea. Na kuna mengine, tena mengi, yasiyobadilisha chochote, kama mtu aliyeandika "asante" badala ya "ahsante".

Na nani ana makosa hayo? Mimi? Jirani yako? Kila mtu! Kila mtoto anayezaliwa ana mabadiliko mapya kama 60 au 70 ambayo baba hana na mama hana. Yalitokea wakati wa kunakili. Na kwa kuwa akina baba mnapenda kuuliza "huyu katoa wapi?", niwajibu: mengi ya hayo mapya hutoka kwa baba. Mbegu za kiume zinanakiliwa maisha yote, na kila mwaka unaoongezeka kwa baba huongeza badiliko moja au mawili kwa mtoto atakayemzaa. Mzee wangu pale mbele umekunja uso. Sikukatazi kuzaa, nakupa hesabu tu.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Nilikuwa na dada, mkubwa wangu. Aliolewa vizuri, ng'ombe wakatolewa, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipofika miezi minane vidole vya mikono na miguu vikavimba, vikawa kama vya mtu aliyeumwa na nyuki. Analia usiku kucha. Zahanati moja wakasema malaria, wakatibu malaria. Ikaja tena, wakatibu tena. Macho yakawa ya njano. Alifariki kabla hajatimiza miaka mitatu. Wa pili akaja, naye vilevile. Baada ya mazishi ya wa pili, mama mkwe alisema mbele za watu kwamba tumbo la dada yangu lina kaburi. Nilikuwepo. Nilikuwa kijana, nimesimama karibu na mafiga nimeshika sufuria ya maji ya kunawa, na sikujua la kusema. Dada alirudishwa nyumbani.

Leo ninajua cha kusema, ila mama mkwe yule ameshatangulia, kwa hiyo nawaambia ninyi.

Ugonjwa ule ni selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Damu yako ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, na hemoglobini imejengwa kwa minyororo. Mmoja wa minyororo hiyo, unaoitwa beta, una pingili 146. Kwenye maandishi ya pingili ya 6, palipotakiwa kuwa na herufi A pamekaa T. Herufi moja kati ya bilioni 3. Uji umekuwa uzi. Kwa sababu hiyo, hemoglobini ikiishiwa oksijeni inashikamana na kuwa nyuzi ngumu, na seli iliyokuwa ya mviringo kama kitumbua inajikunja kama mundu wa kukatia mpunga. Mundu unapita wapi kwenye mshipa mwembamba wa kidole cha mtoto wa miezi minane? Haupiti. Unakwama, na nyuma yake foleni. Yale ndiyo maumivu. Ile ndiyo mikono iliyovimba niliyoiona.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo ndoa zinapovunjikia. Mwenye nakala moja ya T na nakala moja ya kawaida, tunamwita AS (A hapa ni hemoglobini ya kawaida, S ni ya sikoseli), kwa kawaida haumwi. Analima, anavua, anacheza mpira. Hajui. Ili mtoto apate ugonjwa wenyewe, SS, lazima apokee T mbili. Moja kwa mama. Na nyingine?

Semeni kwa sauti. Na nyingine?

Kwa baba! Hakuna tumbo lenye kaburi. Kama tumbo lina kaburi, basi jembe la kulichimbia lilishikwa na wawili.

*(Hapa niliita wanandoa wawili mbele na kijana mmoja wa kidato cha tatu. Kila mzazi alipewa kofia yenye maharage mawili, moja jekundu na moja jeupe.)*

Kijana, chomoa harage moja kwa baba, moja kwa mama. Jeupe na jekundu: mtoto huyu ni AS. Rudisha yote. Chomoa tena. Jeupe, jeupe: AA. Rudisha. Tena. Jekundu na jeupe. Rudisha. Tena. Jekundu, jekundu.

Mmenyamaza.

Mmeona kwamba kila mara alirudisha? Hilo ndilo wengi hawalijui. Tunawaambia wazazi "mmoja kati ya wanne", na mzazi anaelewa kwamba akishampata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata ni salama, deni limelipwa. Hapana. Kila mimba maharage yanarudi kofiani. Kila mimba ni robo. Dada yangu alichomoa mekundu mawili mara mbili mfululizo, na hakuna alichokosea mara ya kwanza wala ya pili.

Mtauliza: kama herufi hii ni mbaya kiasi hicho, kwa nini haijaisha? Watoto wenye nayo mbili zamani walikufa kabla ya kuzaa. Ingepaswa kupungua kizazi hadi kizazi mpaka iishe. Huku kwetu haijaisha hata kidogo. Sampuli za watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa zilizopimwa hospitali ya Bugando zilionyesha karibu mmoja kati ya watano ni mbebaji, yaani AS. Mmoja kati ya watano! Hesabu kwenye benchi lako. Kwa nini?

Aliyelitegua fumbo hilo alipita jirani na hapa. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya, akaenda kusoma Oxford. Mwaka 1949 alirudi na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya, akawa anachukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo la ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, wabebaji walikuwa zaidi ya 20 kwa kila 100. Kule nyanda za juu penye baridi, hawakufika hata mmoja kwa 100. Pwani na ziwani kuna nini kisichokuwepo milimani?

Mbu! Naam, mmemzidi hata mwanafunzi wangu mmoja aliyeniambia "samaki".

Mwaka 1954 Allison akachapisha alichokigundua: mtoto mwenye AS, malaria kali haimpati kirahisi kama mtoto wa AA. Kwa hiyo herufi ileile inayoua ikiwa mbili, ikiwa moja inalinda. Babu zetu waliokaa kando ya ziwa hili na mbu wake, baadhi yao walipona malaria kwa sababu ya herufi hiyo, na wakatuzaa sisi. Ukimchukia mbebaji, unamchukia bibi yako aliyekufikisha hapa. Na ndiyo maana mimi, mnisamehe wataalamu, sipendi kusikia jeni ikiitwa "mbovu" bila kuuliza: mbovu wapi? Kwa mtu anayeishi mahali pasipo na malaria, herufi hii haina faida yoyote. Ya Kirumba ina historia nyingine.

Siku hizi mtoto wa SS akigunduliwa mapema anapewa penisilini ya kumkinga katika miaka yake ya mwanzo, na ipo haidroksiurea inayopunguza yale maumivu. Anakua, anasoma. Wapo humu ndani, sitawataja. Lakini lazima apimwe. Msikubali malaria ya mara ya tano bila mtu kuuliza habari ya damu yenyewe.

La pili nitalisema kwa kifupi, kwa sababu nikikaa nalo nakasirika.

Ualbino. Kwa watu wetu wengi wenye ualbino, kilichotokea ni kwamba kwenye jeni iitwayo OCA2 kipande cha herufi kama 2,700 kimekatika. Siyo herufi moja kubadilika, ni ukurasa kuchanika. Jeni hiyo husaidia kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho. Bila rangi, jua linaunguza ngozi mpaka inaota saratani, na macho hayaoni mbali. Mtoto wako wa darasa la pili asiyesoma ubaoni siyo mjinga, msogezeni mbele! Urithi wake ni ule ule wa maharage: baba mmoja jekundu, mama mmoja jekundu, wote wawili weusi tii. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Fanyeni hesabu nyuma yake na mtaona wabebaji ni kama mmoja kati ya kila watu 19. Humu ukumbini mpo zaidi ya mia mbili. Mko kama kumi, hamjijui, na mmekaa kimya kama mimi.

Halafu katika kanda hii hii, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu waliwindwa. Kisa uvumi kwamba nywele zao zikifumwa kwenye nyavu zinavuta samaki, kwamba kiungo chao kinaleta dhahabu. Wavuvi mliopo, niambieni: samaki anajua jeni ya OCA2? Ukurasa uliochanika unamsikiaje sangara aliye chini mita arobaini? Baba wengine wakakimbia wake zao waliojifungua, wakisema "huyu mzungu katoka wapi". Katoka kwako, bwana. Nusu yake katoka kwako.

Ninywe maji kwanza.

Sasa wavuvi, hili la tatu ni lenu. Furu. Mnamdharau kwa sababu ni mdogo, mnamtia kwenye ndoana awe chambo. Lakini wataalamu wa dunia nzima wanapanda ndege kuja Mwanza kwa ajili yake. Ziwa hili lilikauka karibu lote miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa upya, na tangu hapo zimetokea aina zaidi ya 500 za furu. Wengi sangara alishawamaliza kwenye miaka ya 1980, ila waliobaki bado wanafundisha.

Kuna wawili ningependa muwajue. Jenasi yao inaitwa Pundamilia. Ndiyo, Kiswahili chetu hicho hicho kwenye vitabu vya sayansi, kwa sababu ya milia yao. Dume la Pundamilia pundamilia lina rangi ya buluu. Dume la pili ni jekundu mgongoni, na waliompa jina walimheshimu Mwalimu: Pundamilia nyererei. Sasa, kisiwani Makobe ambako maji ni maangavu, wa buluu anakaa juu karibu na mwamba, mwekundu anakaa chini zaidi. Kule chini mwanga wa buluu haufiki vizuri, unabaki wa wekundu. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba jeni ya jicho, ile inayotengeneza kipokezi cha mwanga mwekundu, haifanani kwa hawa wawili: ya wa chini imebadilika herufi chache ili aone wekundu vizuri. Jike lenye jicho hilo linamwona nani? Mwekundu! Linaolewa na mwekundu. Jike la juu na wa buluu wake. Koo mbili zikaachana kwa sababu ya jicho.

Sasa ingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, kusini, kwenye maji ya tope na uchafu wetu wa mjini. Huko rangi hazionekani. Jike halichagui tena, na samaki wamechanganyika, siyo buluu siyo nyekundu, rangi ya katikati isiyo na jina. Jeni ni zile zile. Tulichokibadilisha sisi ni maji. Kwa kweli mabadiliko yenyewe ni ya kale kuliko ziwa: utafiti wa 2017 ulionyesha mababu wa furu walitoka pande mbili, ukoo wa Kongo na ukoo wa Naili ya juu, wakazaliana, na kila upande ukaja na jicho lake. Kumbe hata furu ana wajomba Kongo.

Na wadudu je? Wenye umri wangu mnaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ile iliyokuwa inatuwasha mwili mzima mpaka unajikuna kwa gunzi. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa na mabadiliko ya jeni yanayoitema dawa nje. Dawa haikumfundisha mdudu kubadilika. Wachache walioshakosea kunakili ndio waliobaki hai, wakazaana. Malawi waliiacha mapema, 1993, na baada ya miaka michache wale wadudu sugu wakapotea, kwa sababu bila dawa usugu ule ni mzigo. Kwa hiyo ukiambiwa maliza dozi ya mseto, maliza dozi.

Kuna mzee ameinua mkono muda mrefu. Ndiyo, mzee? ... Anauliza: je, vijana wakatazwe kuoana kama wote ni AS?

Mzee wangu, serikali zikatae au zikubali, mimi sikatazi. Mimi nasema wapime kabla, wajue, waamue wakiwa na macho mawili. Na nina mfano, nimepewa ruhusa kuusema.

Dada yangu aliolewa tena, akazaa binti mmoja, mzima. Binti huyo ni AS. Mwaka huu ana mchumba, na nilimsumbua mpaka mchumba akapimwa. Jioni moja akanipigia simu. Majibu yametoka: na yeye ni AS. Wamekaa, wamelia kidogo, wameongea na mtaalamu wa kliniki. Wameamua kuoana, na mtoto wao yeyote atapimwa siku atakayozaliwa. Kisha wakawaambia wazee wa pande zote mbili, bila kuficha. Nilikuwa naogopa kikao hicho kuliko mtihani wa taifa. Niliwaletea wazee maharage na kofia, nikachomoa, nikarudisha, nikachomoa. Walitazama kimya mpaka mwisho. Halafu mzee mmoja wa upande wa mume akaniuliza swali moja tu:

"Mwalimu, tumeelewa. Sasa hao ng'ombe, tunabaki na hesabu ile ile?"